PUMZI NI AMANA: NAMNA INAVYOONGOZA UBONGO NA MWILI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu.



Ama baad. Somo la Ijumaa hii ni la kitu ambacho kila mmoja wetu anacho sasa hivi anaposoma karatasi hii, tajiri na maskini, mzee na mtoto. Hakinunuliwi sokoni wala hakikopwi kwa jirani. Ni pumzi. Tunaipokea usiku na mchana bila kuiomba, na kwa sababu hiyo wengi wetu hatuijui. Tutazame inavyofanya kazi, inavyogusa ubongo na moyo, na inavyoweza kutuokoa au kutuangamiza ndani ya nyumba zetu wenyewe.

1. MANENO YENYEWE YANATUFUNDISHA

Katika Kiarabu neno la nafsi na neno la pumzi yana herufi zilezile tatu: nun, fa, sin. Nafs ni nafsi, nafas ni pumzi. Kiswahili nacho kina hekima yake. Kutokana na kupumua tumepata pumzi, na kutokana na hilohilo tumepata pumzika. Mtu akiponea hatari tunasema ameshusha pumzi. Wazee waliotuachia maneno haya hawakuwa na mashine za kupima ubongo, lakini walijua kwamba pumzi na utulivu wa mtu ni ndugu wa tumbo moja.

2. SAFARI YA PUMZI MOJA

Mtu mzima aliyekaa kitako hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila mara huvuta karibu nusu lita ya hewa. Ukihesabu siku nzima, utakuta ni mara 20,000 hivi. Kazi hiyo inafanywa hasa na msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo. Ukishuka, mapafu yanafunguka na hewa inaingia. Ukilegea, hewa inatoka. Ndiyo maana mtoto mchanga aliyelala utaona tumbo lake likipanda na kushuka.

Ndani ya mapafu damu inachukua oksijeni na kuacha hewa ya ukaa, ile ambayo shuleni wanaiita gazi karboniki. Damu hiyo inarudi moyoni, na moyo unaisukuma mwili mzima. Sehemu kubwa inapelekwa kwenye ubongo. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mtu, lakini unatumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu, unaanza kuharibika.

Ndugu Muislamu, ujue pia kwamba mmoja wa waliotangulia kulieleza jambo hili ni mwanachuoni wetu. Ibn al-Nafis, tabibu aliyetoka upande wa Damascus na kufanya kazi Kairo, aliandika mwaka 1242 kwamba damu haipenyi kutoka upande mmoja wa moyo kwenda upande wa pili kupitia ukuta wa katikati, kama walivyodhani Wagiriki wa kale. Alisema inapita mapafuni kwanza, inachanganyika na hewa, ndipo inarudi moyoni. Ulaya waliandika habari hiyo karne ya 16, miaka 300 baada yake. Alikuwa pia mtu wa fikihi na hadithi, na elimu ya mwili haikumtoa katika dini.

3. SISI WATU WA MILIMANI

Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Katika kila pumzi tunapata oksijeni pungufu, karibu moja ya sita. Mwili wa mzaliwa wa hapa umezoea. Lakini mgeni kutoka pwani akipanda kutoka ziwani hadi barabarani anahema, nasi tunamcheka. Tusimcheke. Na mama zetu wanaopanda Kadutu na mizigo mgongoni wanalipa deni hilo kila siku.

Hapa pana funzo la Ijumaa pia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba tukisikia iqama tuende kwenye Sala kwa utulivu, tusikimbie; tutakachokuta tusali, kilichotupita tukamilishe. Mtu aliyepanda mlima wetu mbio akaingia safu akihema, moyo wake unapiga ngoma, na maneno ya Alhamdu yanakatikakatika kinywani. Mwili wake umefika msikitini, lakini akili yake bado iko njiani. Toka nyumbani mapema, ndugu yangu, upande polepole.

4. NANI ANAENDESHA PUMZI?

Moyo unapiga bila kukuuliza. Tumbo linasaga chakula bila kukuuliza. Pumzi nayo inakwenda yenyewe hata usingizini, kwa amri ya sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Lakini pumzi ina ajabu yake: ukitaka, unaweza kuishika mwenyewe, ukaiharakisha, ukaipunguza, ukaisimamisha kidogo. Ni kama mlango wenye funguo mbili, moja kwa mwili na moja kwako wewe. Kwa moyo huna ufunguo wa moja kwa moja. Kwa kupitia pumzi, unao.

Wataalamu wa Marekani walionyesha mwaka 2017, kwa kuchunguza panya, kwamba katika sehemu hiyo ya chini ya ubongo kuna kikundi kidogo cha chembe kinachopeleka habari za pumzi mahali panapoamsha ubongo wote. Panya walipoondolewa chembe hizo, walikuwa watulivu kuliko kawaida. Maana yake, pumzi ya haraka ni kama mpiga mbiu anayepita kila nyumba akiita hatari, na pumzi ya polepole inapitisha habari ya amani.

Mwaka 2016 wengine wa Chicago walikuta kwamba mtu akivuta hewa kwa pua, sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na hofu zinafuata mwendo wa pumzi hiyo. Waliopumua kwa pua walikumbuka vizuri zaidi picha walizoziona wakati wa kuvuta hewa, na walipopumua kwa mdomo tofauti hiyo haikuonekana. Tena pua huchuja vumbi na kuipasha hewa joto kabla haijafika mapafuni, kazi ambayo mdomo hauifanyi vizuri.

5. PUMZI YA MTU MWENYE HOFU

Ndugu zangu, tuseme ukweli. Mji huu umeona mengi. Tuliona Oktoba 1996. Tuliona Mei na Juni 2004. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika, nyumba zikaanguka. Februari 2025 tulijifungia tena majumbani, tukisikiliza. Hata leo wako kati yetu ambao mlango ukigongwa kwa nguvu usiku, au gurudumu la gari likipasuka barabarani, kifua kinabana, mikono inatetemeka, vidole vinafanya ganzi, kichwa kinazunguka. Wengine wanadhani wanakufa. Wengine wanadhani wamerogwa au wameingiwa na jini, wanaanza kutafuta wa kumtuhumu.

Sikilizeni maelezo yake. Hofu inapoingia, mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Pumzi inakuwa ya haraka na ya juu juu. Kama kweli unakimbia, hilo ni jema, maana misuli inahitaji hewa. Lakini ukiwa umekaa kitini huku unahema, unatoa hewa ya ukaa kupita kiasi. Sisi tunaiita hewa chafu, kumbe mwili unahitaji kiasi chake. Ikipungua sana katika damu, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inajibana, na ubongo unapata damu pungufu. Ndipo kichwa kinazunguka, vidole na midomo vinawasha. Mtu anaogopa zaidi, anahema zaidi, na duara linafungwa.

Kwa hiyo aliyeshikwa na hali hiyo usimwambie "vuta hewa nyingi," maana anayo tayari. Usimfunike uso wala usimvalishe mfuko wa plastiki. Kaa karibu naye, mwambie kwa sauti ya chini: "Toa pumzi polepole, ndugu yangu. Toa tena." Atoe kama mtu anayepoza chai ya moto, kisha avute kidogo kwa pua, kisha atoe tena kwa muda mrefu. Kwa kawaida hali hupungua baada ya dakika kadhaa.

Lakini maumivu ya kifua kwa mtu mzima, hasa yanayokwenda mkononi au shingoni, au kukosa pumzi kwa mwenye pumu, si ya kutibiwa kwa ushauri wa karatasi. Huyo apelekwe hospitali. Na ambaye hofu inamrudia mwezi baada ya mwezi, halali, haoni raha na watoto wake, asione haya kutafuta msaada. Mji wetu una watu waliosomea majeraha ya nafsi, pale SOSAME na pale Panzi. Kutafuta dawa si upungufu wa imani.

6. SIRI IKO KATIKA KUTOA

Weka kidole kwenye mshipa wa mkono wako, chini ya kidole gumba. Vuta pumzi polepole: mapigo yanaongezeka mwendo kidogo. Itoe polepole: yanapungua. Watu wengi, hasa vijana, wataisikia tofauti hiyo. Sababu yake ni mshipa mrefu wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni. Unapotoa pumzi, mshipa huo unauambia moyo: tulia. Kwa hiyo anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyovuta, anaurefushia moyo wake wakati wa kutulia.

Mwaka 2001 madaktari wa Italia waliwapima watu wazima 23 wakisoma dua ya Kikatoliki kwa Kilatini, na pia wakirudia maneno ya ibada ya Kihindi. Kwa njia zote mbili pumzi zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika, na mwendo wa moyo na wa damu ukapatana vizuri. Hawakupima Waislamu. Lakini mapafu ya wanadamu ni ya umbo moja, nasi tunajua jinsi msomaji wa Qur'ani anavyopumua. Anavuta mara moja, anaurefusha msomo kwa pumzi inayotoka, anatimiza madd na ghunna, anasimama penye waqf, ndipo anavuta tena. Mwalimu wa madrasa anayemwambia mtoto asikate aya katikati anamfundisha tajwidi, na bila kujua anamfundisha pia kutoa pumzi kwa utulivu.

Tusikosee hapa, ndugu zangu. Hatusali ili kushusha mapigo ya moyo, wala hatusomi Qur'ani kama dawa ya kifua. Tunasali kwa sababu tumeamrishwa, na kwa kutafuta radhi za Allah (s.w.). Lakini anayesoma mbiombio ili amalize, akidonoa rakaa kama kuku anavyodonoa mtama, amejinyima mambo mawili kwa pamoja: khushui ya Sala na raha ya mwili.

Hata nje ya ibada, utafiti wa chuo kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2023 uliwapa watu zoezi la dakika 5 kwa siku, kwa mwezi mmoja: kuvuta pumzi kwa pua, kuongeza kidogo juu yake, kisha kuishusha yote polepole kwa mdomo. Nyoyo zao zilichangamka kuliko za wale waliokaa kimya kutazama pumzi tu bila kuibadilisha. Wazee wetu wangesema: walikuwa wakishusha pumzi.

7. HASIRA NYUMBANI

Ndugu Muislamu, hofu na hasira hupita njia moja. Baba amerudi jioni, kazi haikulipa, SNEL wamekata umeme, mtoto amemwaga maji. Kifua kinajaa. Tumefundishwa kwamba mwenye hasira aliyesimama akae, isipotoka, alale. Tazameni hekima yake: aliyesimama yuko tayari kupiga, aliyekaa hayuko tayari sana, na aliyelala pumzi yake inashuka tumboni. Kabla ya kufungua mdomo au kuinua mkono, shusha pumzi tano ndefu. Ni nusu dakika au dakika moja tu. Talaka nyingi na majeraha mengi ya watoto yamepatikana ndani ya dakika hiyo moja.

8. PUMZI INAYOUA

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tunawaomba mlibebe hadi nyumbani leo.

Mbabula ya makala. Mvua ikinyesha, au usiku wa baridi, au nyumba ikiwa na mzazi na kichanga, wengi wetu huingiza mbabula chumbani, tukafunga mlango na dirisha. Tunangoja moshi uishe, makala yawe mekundu, tunasema sasa ni salama. Hapo ndipo hatari ilipo. Makala mekundu yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa monoksidi ya kaboni. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu haibebi tena kile ambacho ubongo unahitaji. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, miguu kulegea, kisha usingizi. Aliyelala hapati dalili. Anapita kutoka usingizini kwenda mautini. Jenereta iliyowashwa ndani ya nyumba au kwenye baraza iliyofungwa inafanya vilevile.

Pikia nje au penye upepo. Ukitaka kupasha chumba joto, kipashe mlango ukiwa wazi, kisha mbabula itoke kabla mtu yeyote hajalala. Kichanga apewe nguo, blanketi na kifua cha mama yake.

Mazuku na mashimo. Ndugu zetu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, hewa ya ukaa inayotoka ardhini penye volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo inalala mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri. Mbuzi anakufa pale ambapo mtu mrefu anapita salama, na mtoto anayeinama anaanguka. Hata Ziwa Kivu letu limebeba hewa hiyo katika maji yake ya chini, kilomita za ujazo 300 hivi, pamoja na methani kama 60. Imekandamizwa na uzito wa maji, na wataalamu wanaifuatilia. Sababu ya kufuatilia ni Ziwa Nyos huko Kamerun, ambalo tarehe 21 Agosti 1986 lilitapika hewa ya ukaa usiku na kuua watu karibu 1,700. Hatusemi haya ili mtu ahame Nguba, bali tujue kwamba hewa haionekani lakini ina uzito na ina hukumu.

Jambo la kushika ni hili: mtu akianguka ndani ya shimo la choo, kisima au bonde la mazuku, usiruke kumfuata. Mara nyingi wa pili na wa tatu hufa kwa huruma. Piga kelele, mvute kwa kamba ukiwa nje, tafuta msaada.

9. HESABU PUMZI ZA MTOTO

Mama, baba, chukueni saa. Mtoto mwenye kikohozi au homa, akiwa ametulia au amelala, tazameni kifua chake dakika nzima na mhesabu. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka hii: aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Akifika hapo, huenda mapafu yake yameshikwa. Na kama nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta, au hawezi kunyonya, ni haraka zaidi. Msingoje asubuhi, msimpe dawa ya jirani. Mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo. Kuhesabu huku hakuhitaji pesa wala mashine, na kumeokoa watoto wengi.

10. TUTENDE NINI WIKI HII?

Kwanza, leo kabla ya kulala, kila mwenye nyumba aangalie mbabula iko wapi.
Pili, tuje kwenye Sala mapema, tukitembea.
Tatu, msomo wetu uwe na waqf, hata katika Sala tunazosali peke yetu.
Nne, kabla ya neno la hasira, pumzi tano.
Tano, mwenye hofu tumkalishe na tumtulize, tusimtuhumu.
Sita, kila familia ijue namba hizi tatu za watoto: 60, 50, 40.

Ndugu zangu, pumzi tulizopewa zina idadi, na hakuna aijuaye ila Aliyetupa. Hatuwezi kuziongeza hata moja baada ya ajali kufika. Tunachoweza ni kuzichunga kama amana: tusizipoteze kwa uzembe wa mlango uliofungwa, wala tusizitumie kwa matusi, bali zilizobaki zipite katika kumtaja Allah na kuwatendea wema viumbe wake.

Ukimaliza kusoma, mpe karatasi hii asiyepata, au msomee mama nyumbani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.